Babu Alikuwa Keya: Namna ya Kumfuatilia Askari wa Mkoloni Hadi Shamba Alikohamia

Familia nyingi za Afrika Mashariki zina babu ambaye habari zake ni sentensi moja tu: "alikuwa Keya", au "alikuwa askari wa Mjerumani", kisha akahamia mahali ambapo wajukuu wapo hadi leo. Anayeamua kumtafuta huanza na jina, na wengi hukwamia hapohapo. Askari wa wakati ule alikuwa na majina matatu manne: alilopewa na wazazi, alilojiandikishia, lile karani wa Kizungu alilodhani amelisikia, na alilochukua aliposilimu au kubatizwa. Namba ya jeshi, kikosi na ardhi aliyokalia baadaye ni vitu vigumu zaidi kugeuka. Fuata hivyo vitatu kwanza. Jina lije mwishoni, kwa kuthibitisha.

Jeshi lipi hasa?

King's African Rifles, ambayo watu waliifupisha wakaiita Keya, iliundwa tarehe 1 Januari 1902 kwa kuunganisha vikosi vitatu vya Kiingereza vilivyokuwepo tayari: cha Afrika ya Kati, cha Afrika Mashariki na cha Uganda. Batalioni ya 1 na ya 2 zilikuwa za Nyasaland (Malawi ya leo), ya 3 ya Kenya, ya 4 ya Uganda. Ya 6 ilikuwa ya Usomali, ikavunjwa 1910. Mwaka 1917 namba hiyo ilifufuliwa kwa batalioni mpya iliyojazwa kwa sehemu kubwa askari wa Mjerumani waliokuwa wametekwa. Hilo la 6 likumbuke: babu mmoja anaweza kuwamo kwenye karatasi za pande zote mbili za vita ileile, na familia haikuona haja ya kulisimulia.

Kuanzia 1917 batalioni ziliongezwa sana, ndipo unakutana na maandishi kama "2/4 K.A.R." Hiyo inasomwa batalioni ya pili ya rejimenti ya nne, yaani Uganda. Ukiinakili "24 KAR" umeshapotea. Katika vita vya pili zikaja namba nyingine: 11 ya Kenya, 22 ya Nyasaland, 36 ya Tanganyika, 44 ya Uganda. Lakini wengi waliokwenda vita vya Hitla hawakuwa Keya kabisa, bali madereva, mapaionia (askari wa kazi za mikono na ujenzi), wapishi na wahudumu wa hospitali kwenye vikosi vyao wenyewe. Neno "Keya" lilikwisha kuwa jina la kila aliyevaa kaki.

Kwa Mjerumani, mwanzo ni 1889, Hermann von Wissmann alipokuja kuvunja upinzani wa pwani na askari Wasudani aliowaandika Cairo, pamoja na watu wa Inhambane, Msumbiji, waliokuja kuitwa Wazulu. Mwaka 1891 kikosi hicho kikawa jeshi rasmi la koloni, na baadaye likajaa Wanyamwezi, Wasukuma na Wamanyema. Vita ilipoanza 1914 lilikuwa na kombania 14 za vitani, kila moja na boma lake. Orodha hii inafaa kuwa nayo mfukoni, maana wazee hukumbuka boma hata wasipokumbuka namba: ya 1 Arusha, 2 Iringa, 3 Lindi, 4 Kilimatinde, 5 Masoko karibu na Tukuyu, 6 Ujiji, 7 Bukoba, 8 Songea, 9 Usumbura (Bujumbura), 10 Dar es Salaam, 11 Kisenyi, 12 Mahenge, 13 Kondoa Irangi, 14 Mwanza.

Kundi la tatu ni wapagazi, ambao kwa hesabu waliwapita askari mbali. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zinabeba jina la kikosi chao. Familia hupenda kumpandisha mpagazi awe askari. Kama hakuna anayekumbuka bunduki, gwaride wala mshahara wa mwezi, bali mizigo, njaa na kuhara, tafuta kwenye karatasi za wapagazi.

Maswali kwa wazee

Usiulize "babu alizaliwa lini?" Uliza alikuwa rika gani, alitahiriwa na kina nani, na alikuwa mkubwa kiasi gani wakati wa njaa fulani. Kwa Wagogo, Mtunya ni njaa ya mwishoni mwa vita vya kwanza; kwa Wagikuyu, Ng'aragu ya Rũraya ni ya 1898 hadi 1900. Kusini mwa Tanzania Maji Maji, 1905 hadi 1907, ni kigingi kizuri cha kuhesabia umri. Aliyekuwa anachunga mbuzi wakati wa Maji Maji hakuwa askari 1906.

"Vita vya Mjerumani" ni mtego. Kwa mzee wa Tabora karibu kila mara ni vita ya 1914. Kwa mzee wa Kenya au Uganda inaweza kuwa hata ya pili, kwa sababu Hitla naye alikuwa Mjerumani. Uliza majina ya mahali. Ukisikia Bama (Burma), Uhabeshi, Madagaska au Misri, ni vita ya pili. Ukisikia Taveta, Rufiji, Mahiwa au kuvuka Ruvuma kuingia kwa Wareno, ni ya kwanza. Uliza pia cheo kama walivyokitamka. Ombasha, shaushi, bashaushi na sol mara nyingi ni vyeo vya jeshi la Mjerumani, vilivyotokana na Kituruki kupitia Misri. Efendi alikuwa juu yao. Lansi koplo, koplo na sajini ni vya Mwingereza. Neno moja la cheo linaweza kukuokoa miezi kwenye hifadhi isiyo yake.

Wahoji wanawake, hasa upande wa bibi. Askari alihama na kambi, akaoa mbali na kwao, na mara nyingi ndugu za mke ndio waliobaki na habari za alikotoka, mahari ilitolewa na nani, na nani alikuja msibani.

Soma medali kabla ya kuisugua

Kitu cha thamani kuliko vyote nyumbani ni medali, na kosa la kwanza la wajukuu ni kuing'arisha. Maandishi unayoyataka yapo kwenye ukingo, mahali penyewe panapolika kwa kusuguliwa. Iweke kwenye kitambaa cheusi, zima taa ya chumbani, leta tochi ya simu ubavuni kabisa mwa ukingo ili mwanga upite juu ya herufi badala ya kuzipiga usoni. Izungushe kidogokidogo na kupiga picha sita au saba. Herufi zilizoonekana kama mikwaruzo zitajitokeza kwa kivuli chake.

Medali ya vita ya 1914–18 ni ya fedha, ina kichwa cha Mfalme George wa Tano, na utepe wake una rangi ya chungwa katikati na mistari myeupe, myeusi na ya buluu pembeni. Medali ya ushindi ina rangi ya shaba na malaika mwenye mabawa. Zote mbili huandikwa ukingoni kwa mpangilio huu: namba, cheo, jina, kikosi. Nyota ya 1914–15 haina ukingo wa kuandikia, geuza nyuma. Medali ya utumishi wa Afrika ina utepe wa njano wenye kingo nyeusi na mistari miwili ya kijani, na juu yake hukaa kipande cha chuma chenye jina la vita: "Nandi 1905-06", "East Africa 1906", "Jubaland 1917-18", "Kenya" na kadhalika. Hicho kipande peke yake kinakupa mahali, na mara nyingi mwaka pia.

Za vita ya pili, yaani nyota ya Afrika, nyota ya Burma na ile ya vita ya 1939–45, Mwingereza alizitoa bila kuandika chochote. Ukingo mtupu si dalili kwamba babu aliinunua sokoni.

Namba uliyoipata inakili pamoja na kila herufi iliyotangulia au kufuata, na kikosi chake. Batalioni za zamani zilihesabu watu wao kila moja kivyake, kwa hiyo namba 1207 ya batalioni ya 3 na 1207 ya 4 ni watu wawili. Aliyehamia batalioni nyingine au kurudi jeshini baada ya kuacha huenda alipewa namba mpya.

Kama hakuna medali, tafuta cheti cha kuachishwa jeshi, kitabu cha malipo, na kwa Kenya kipande, kile cha sheria ya 1915 iliyoanza kutekelezwa baada ya vita ya kwanza. Kipande kilikuwa na alama za vidole na orodha ya waajiri, kikivaliwa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Babu aliyefariki miaka ya 1960 au baadaye na aliyekuwa wa Mjerumani anaweza kuwa ameacha barua ya Kijerumani ya malipo, kwa sababu mwaka 1964 Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wake wa zamani waliokuwa bado hai.

Picha nayo ina la kusema. Kofia ya ukingo mpana uliokunjwa upande mmoja ni dalili ya vita ya pili. Tarbushi yenye kifuniko cha kaki na tai wa chuma mbele ni Mjerumani. Tarbushi ya Keya mara nyingine hubeba namba ya batalioni, na baadhi waliiandika kwa tarakimu za Kiarabu, kwa hiyo usiidhanie ni pambo.

Jina moja, tahajia kumi

Kabla ya kugusa katalogi yoyote andika tahajia zote ambazo karani angeweza kuandika. Mjerumani aliandika kwa masikio yake: sh ikawa sch, ch ikawa tsch, j ikawa dsch au dj, z mara nyingi ikawa s. Juma atakuwa Dschuma au Djuma, Shabani atakuwa Schabani, Chande atakuwa Tschande. Mahali pia: Muansa, Moschi, Aruscha, Udjidji, Ssongea. Na boma kadhaa zilikuwa na majina ya Kizungu tupu: Wilhelmstal ni Lushoto, Bismarckburg ni Kasanga, Neu-Langenburg ni Tukuyu. Upande wa Mwingereza, Fort Hall ni Murang'a, Port Florence ni Kisumu, Abercorn ni Mbala, Fort Johnston ni Mangochi.

Mwingereza alikuwa na ugonjwa wa kugawanya majina. "Bin" lilidondoka, "arap" la Wakalenjin likageuka jina la kwanza, jina la baba likawekwa kama ukoo, na kati yao likachomekwa "s/o", maana yake mwana wa. Majina ya Wanubi, yaani wale askari Wasudani na uzao wao, kama Farajalla, Rehani au Almasi huandikwa kwa namna nyingi kiasi kwamba ni afadhali kutafuta herufi tatu za mwanzo tu. Kama katalogi inaruhusu nyota badala ya herufi, itumie.

Karatasi ziko wapi

Anza karibu. Nairobi, Hifadhi ya Nyaraka za Taifa iko Moi Avenue, katika jengo lililokuwa benki. Usiombe "faili la babu yangu", maana faili hupangwa kwa ofisi iliyoliandika, si kwa mtu. Omba kwa jina la jimbo au wilaya: PC/COAST kwa Pwani, PC/NZA kwa Nyanza, DC/MKS kwa Machakos, na kadhalika. Ndani yake soma ripoti za mwaka na za makabidhiano, kisha mafaili ya wapagazi, mishahara ambayo haijadaiwa, na maombi ya askari wa zamani. Haya ya mishahara yana utajiri: mpagazi alipofariki, serikali ilitafuta warithi kupitia machifu, na orodha zikaandikwa kwa kijiji.

Dar es Salaam, nyaraka za taifa ziko Upanga. Mafaili ya Mjerumani yana herufi G mbele ya namba, na mengi yameandikwa kwa mwandiko wa zamani wa Kijerumani ambao hata Mjerumani wa leo huusoma kwa shida. Piga picha ya ukurasa mzima uupeleke kwa anayeufahamu. Kukisia ni hatari, kwa kuwa e na n za mwandiko huo zinafanana kama pacha. Ya Mwingereza baada ya 1919 ni rahisi zaidi, na vile vitabu vya wilaya, ambamo maofisa waliandika koo, machifu na vijiji, usiviruke hata kama havitaji jeshi. Zanzibar, hifadhi iko Kilimani, ikiwa na karatasi za mirathi na wakfu zinazofaa kwa askari aliyezeekea mjini. Asiye raia huhitaji kibali cha utafiti katika nchi hizi. Ulizia kabla ya kununua tiketi. Nenda na penseli, maana kalamu ya wino hairuhusiwi mezani, na kila picha ya ukurasa itanguliwe na picha ya jalada lenye namba ya faili. Picha mia mbili zisizo na namba ya faili ni picha tu.

Uingereza, hifadhi ya taifa iliyoko Kew, London, haina majalada binafsi ya askari Waafrika wa Keya, kwa hiyo usilipe mtu akutafutie hilo. Ina vitu vingine, vinavyoombwa kwa herufi na namba za makundi yake: WO 95, shajara za vita za batalioni, siku kwa siku, WO 100, orodha za medali za utumishi wa Afrika, CO 534, barua za serikali kuhusu Keya, CO 533 ya Kenya, CO 536 ya Uganda na CO 691 ya Tanganyika. Shajara humtaja afisa Mzungu na kuwahesabu askari kwa idadi tu. Faida yake ni kujua kombania ilikuwa wapi tarehe fulani, ili ulinganishe na alichosimulia mzee. Kwa babu aliyekuwa hom gadi, mlinzi wa upande wa serikali dhidi ya Mau Mau, Kenya miaka ya 1950, angalia FCO 141, mafaili yaliyofichwa na kufunguliwa kuanzia 2012, na jiandae kwa utakayoyasoma.

Ujerumani, karatasi za wizara ya makoloni ziko Berlin chini ya R 1001 na nyingi zinasomeka bure kwenye intaneti. Za kijeshi zilipungua vibaya hifadhi ya jeshi la Prussia ilipoungua Potsdam, Aprili 1945. Asiyelijua hilo hudhani anatafuta vibaya.

Alipohamia: hapa ndipo maisha yake yalipo

Jeshi lilikuwa miaka sita, tisa, kumi na miwili ya maisha yake. Miaka arobaini iliyofuata iko kwenye ardhi, ndoa na kodi, na watafutaji wengi hawafiki huko kwa sababu wamechoshwa na shajara za vita.

Kibera ni mfano ulio wazi. Palikuwa uwanja wa mazoezi wa Keya, pakatangazwa hifadhi ya jeshi mwaka 1918, takriban ekari 4,197, kwa ajili ya askari Wasudani waliostaafu na familia zao. Aliyeruhusiwa kukaa alitakiwa awe ametumikia miaka 12, na alipewa pasi ya shamba. Jeshi lilisimamia hadi 1928, kisha likakabidhi kwa serikali ya kiraia. Maana yake kwa mtafutaji: kabla ya 1928 tafuta karatasi za Keya, baada yake za wilaya ya Nairobi. Tume ya Carter kuhusu ardhi ya Kenya, ya 1932–33, ilisikiliza malalamiko ya wakazi, na ushahidi wake ulichapishwa. Na pasi yenyewe inakupa hesabu: kama babu yuko Kibera 1919 kwa haki yake mwenyewe, aliandikwa jeshini si baada ya 1907, pengine hata kabla Keya haijawa na mwaka mmoja. Lakini kwanza hakikisha pasi ni yake, kwani wajane na watoto walikaa kwa pasi ya marehemu.

Uganda, Bombo ndiyo iliyobeba Wanubi wengi, na asili ya wengi wao ni mabaki ya askari wa Emin Pasha, gavana wa Misri kusini mwa Sudani, ambao Lugard, afisa wa Kiingereza, aliwachukua mwaka 1891. Isiolo ilipokea Wasomali waliotumikia vita ya kwanza. Tanganyika askari wa zamani walijikusanya kuzunguka maboma, na wengine wakawa maakida, majumbe, matarishi au polisi. Kwa hiyo mtu anapotoweka jeshini 1919, mtafute kwenye polisi na magereza kabla ya kusema amekufa.

Karatasi za kuulizia ni hizi: vitabu vya ndoa na talaka vya kadhi, vitabu vya ubatizo vya misheni, stakabadhi za kodi ya kibanda, ramani za viwanja, na matangazo ya mirathi kwenye gazeti la serikali. La Kenya lilianza 1899 na matoleo mengi ya zamani yanatafutika kwa neno kwenye intaneti. Cheti cha kuzaliwa usikingoje, kwani kwa Waafrika wa kizazi hicho kwa kawaida hakikuwepo.

Kabla ya kusema "ndiye"

Kosa kubwa ni kuwaunganisha watu wawili wenye jina moja. Juma bin Ali walikuwa kila kombania. Usikubali mpaka vitu vitatu vinavyojitegemea vikutane: kwa mfano kikosi kwenye medali, boma alilotaja bibi, na mwaka wa ndoa kwa kadhi. Viwili tu, andika "huenda" na penseli. Pia piga hesabu ya miaka kwa anayesemwa kupigana vita zote mbili. Aliyeandikwa 1914 akiwa na miaka 20 alikuwa na 46 mwaka 1940. Inawezekana, lakini mara nyingi ni baba na mwana waliochanganywa.

Utakutana pia na mambo ambayo familia haikuyaweka kwenye hadithi: vijiji vilivyochomwa, ng'ombe waliochukuliwa, mke aliyetekwa vitani. Yaandike kama yalivyo kwenye karatasi, pamoja na namba ya faili, na uamue baadaye utamsomea nani.

Aliyefia jeshini atafutwe kwenye orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, inayotafutika bure. Tume huhesabu vifo vya kati ya 4 Agosti 1914 na 31 Agosti 1921, na vya kati ya 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947. Ripoti yake ya Aprili 2021 ilikiri kwamba Waafrika wengi mno wa vita ya kwanza hawakuandikwa kwa majina. Kwa hiyo kukosa jina hapo hakuthibitishi kwamba hakufa vitani. Ukiwa na ushahidi wa kifo na wa utumishi wake, wapelekee nakala, si karatasi halisi, na uambatanishe tahajia zote za jina ulizozikusanya, kila moja na mahali ulipoikuta.